Jani Juu ya Boneti

Hivi wewe, ukikuta mtu ameweka jani juu ya boneti ya gari, utalitupa?

Usijibu haraka. Mtu wa Dar atakwambia jani ni jani. Mtu wa Machame atauliza kwanza: jani gani? Akisikia ni sale, lile refu la kijani linalopandwa mipakani na makaburini, atanyamaza. Akisikia lilikuwa limepigwa fundo katikati, atakuangalia vibaya. Sale lenye fundo ni msamaha unaoombwa. Aliyekosa humtuma nalo mtu wa tatu, na aliyekosewa likishamfikia hana ruhusa ya kukataa. Ndugu waliowahi kutishiana kwa mapanga wamekunywa mbege, pombe ya ndizi, kwenye kata moja kwa sababu ya jani hilo. Na yule wa tatu, mbeba jani, kazi yake ni moja tu: kulifikisha.

Ndelilio alikuwa mtu wa Machame. Kwa hiyo asijidai hakujua.

Alikuwa jirani wa shangazi yangu pale Rau, Moshi, na alipiga polishi magari kwenye gereji ya Harbans Singh. Ilikuwa miaka ya tisini, miaka ya magari ya mitumba kutoka Japani, ambapo kila aliyeuza mabati au viatu alihakikisha na yeye anashusha lake. Magari hayo yalipendeza kivulini. Juani yaliumbuka: rangi nzima mikwaruzo midogo ya mviringo, kama utando wa buibui, kazi ya watu wanaofuta vumbi kwa kitambaa kikavu halafu wanajiita wasafi. Ndelilio aliiondoa yote. Kampaundi ya kusugulia, kitambaa laini, subira, kisha waksi. Aliweza kutazama mikwaruzo akakwambia aliyeifanya ni mfupi, au anatumia kushoto, au amevaa pete. Ukutani aliandika kwa rangi nyekundu: SIACHI ALAMA. Fundi asiye na majivuno nimeshamtafuta sana, akipatikana nitaarifiwa.

Asubuhi ya tarehe ishirini na tatu Desemba alikuwa anamalizia gari jeusi la Mzee Eliufoo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Krismasi Mchagga anapanda kwao mlimani, na hapandi na gari chafu. Boneti ilikuwa imetulia kama maji kwenye ndoo. Akaingia mzee mwembamba, koti limempwaya.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hii ni gari ya kaka yangu, sivyo?"

Ndelilio akamtambua. Ezra, mdogo wake Eliufoo. Miaka sita hawakusemezana, tangu bei ya kahawa ilipoanguka na Ezra akang'oa mibuni aliyoipanda baba yao ili alime nyanya. Nyanya zilioza. Ugomvi haukuoza.

Ezra akatoa kwenye koti kitu kilichofungwa kwa gazeti. Jani la sale, fundo katikati, udongo wa shambani bado umelishika.

"Nimelifunga kwa mkono wangu. Dukani kwake nikienda atanifukuza mbele ya wateja. Wewe ni mtoto wa kwetu. Mfikishie."

Mikono ya Ndelilio ilikuwa imejaa kampaundi mpaka kwenye vifundo. "Weka hapo tu, baba," akasema, akionyesha benchi kwa kidevu.

Ezra macho yalikuwa yameanza kumwacha. Akaliweka kwenye boneti, kwa mikono miwili, kama mtu anayelaza kichanga.

"Aika, mbe," akashukuru, akaenda zake.

Ndelilio alipogeuka na kuliona, hakufikiria msamaha. Alifikiria waksi. Akalikwapua. Udongo ukaburuzika, ukaacha mkwaruzo urefu wa mkono toka kiwiko. Na Eliufoo alikuwa anakuja saa nne! Akalitupa jani kwenye pipa walimochomea matambara ya grisi, akashika kitambaa, akasugua kama mtu anayefukuzwa. Mkwaruzo ukatoka. Alipoinua macho, pipa lilikuwa linafuka moshi.

Sasa aseme nini? Akisema jani lililetwa, ataulizwa liko wapi. Akisema liko wapi, ataulizwa kwa nini. Akajiambia hakulipokea mkononi, kwa hiyo hakutumwa. Watu wana sheria za ajabu wanapojihukumu wenyewe.

Saa nne akakabidhi funguo. "Safari njema, mzee."

Katikati ya Januari Eliufoo alirudi.

"Ezra tumemzika Jumamosi," alisema. "Kifua."

"Pole sana, mzee."

"Siku ile napanda, alisimama getini kwake amenyoosha mkono. Nikapita. Nimsimamie kwa lipi, mtu ambaye miaka sita hakuniletea hata jani?" Akapiga boneti kwa kidole. "Hata udongo kaburini sikumtupia. Watu wananong'ona, waache wanong'one. Haya, na wewe niambie. Si huachi alama?"

Upande wa kushoto, juani, palikuwa na mistari. Myembamba. Imelala sambamba. Urefu wa mkono toka kiwiko.

Ndelilio aliiondoa siku ileile. Baada ya siku tatu ilirudi. Palepale.

Hapo ndipo alipoanza kushuku watu, na alishuku kwa bidii zote. Kwanza mke wa Eliufoo, Stella: mama yule hufuta gari kwa kanga kavu, lazima ni yeye. Halafu Remigius, anayepiga polishi jirani na kituo cha mafuta: wivu wa kazi, hana lingine. Akafika mpaka kwa Harbans mwenyewe: pengine anataka kumpa mtu mwingine kona yake. Alimshuku kila mtu Moshi nzima isipokuwa mmoja.

Mara ya tatu Eliufoo alipolileta gari, Ndelilio akainama kuisoma mikwaruzo kama alivyozoea. Haikuwa ya kufuta, anayefuta huzungusha. Hii ilikwenda upande mmoja, ya kitu kilicholazwa kikavutwa.

"Ni mtu mrefu," akatamka. "Mkono wa kulia. Alikuwa na haraka."

Harbans akamtazama toka kichwani mpaka miguuni. Ndelilio ni mrefu. Akashusha mkono wake wa kulia.

"Mimi nasema hivi," Eliufoo alisema. "Ikirudi tena, kuanzia hapa mpaka Bomang'ombe kila mwenye gari atajua wewe ni fundi gani."

"Gari inabaki kwangu," akaamua Harbans. "Funguo mfukoni kwangu. Kesho saa sita njoo chukua, mzee. Mimi nataka kumwona huyo mchawi, nimpe kazi. Anafanya kazi safi kuliko wewe, Ndelilio."

Kesho yake asubuhi boneti ilikuwa safi. Harbans akalitoa gari uani, jua likawaka juu yake, akaketi kwenye kigoda na kikombe cha chai.

"Leo mimi ndiyo askari."

Ndelilio alikuwa hatua kumi, akisugua mlango wa gari lingine. Saa tano. Saa sita kasoro. Mlima ulikuwa umejifunika. Hakuna upepo.

"Ndelilio." Sauti ya Harbans ilikuwa chini sana. "Njoo. Polepole."

Chai ilikuwa imemwagika kwenye suruali yake. Hakuwa na habari nayo.

"Nani ameigusa?"

"Hakuna mtu. Mimi sijapepesa macho." Akaonyesha kwa kidole. "Imekuja yenyewe. Imeanzia pale. Ikaja huku. Kama mtu anavuta kitu."

Mistari ilikuwa palepale. Na leo, katikati yake, palikuwa na fundo.

Geti likalia. Eliufoo. Ndelilio hakumsalimia. Alikwishashika msasa.

"Wewe! Unachubua rangi!" Harbans akapiga kelele.

Ndelilio hakusikia. Mkwaruzo unakaa kwenye rangi. Kila fundi anajua hilo. Rangi ikiisha, mkwaruzo umekwisha. Akasugua. Nyeusi ikatoka. Ikaja praima, ile rangi ya chini, ya kijivu.

Mistari ipo.

Akasugua. Praima ikatoka. Likaja bati lenyewe, jeupe.

Ipo.

Vishipa vya jani, kimoja kimoja. Fundo. Bati lote lilikuwa la moto, halishikiki. Pale penye fundo palikuwa baridi. Pana unyevu. Harufu ikapanda, na haikuwa ya kampaundi wala petroli. Ilikuwa ya jani lililokatwa sasa hivi.

Eliufoo akasogea, akainama. Alizaliwa kati ya masale, hakuhitaji kuambiwa.

"Hili ni sale," akanong'ona. "Limefungwa." Uso ukamlegea. "Fundo hili nalijua. Anapitisha ncha mara mbili. Tangu tuko wadogo anafunga hivi, mbuzi, kuni, kila kitu."

Akainuka, akawatazama wote wawili.

"Nani aliniletea sale?"

Ndelilio akatafuta jina. Stella. Remigius. Akamtazama Harbans, na Harbans alikuwa anaitazama mikono ya Ndelilio. Na yeye akaitazama. Vumbi la praima ni la kijivu. Viganja vyake vilikuwa kijani, vimelowa, na kwenye kucha palikuwa na udongo mwekundu wa shambani.

"Nimeuliza, nani?"

"Mdogo wako, mzee." Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Tarehe ishirini na tatu Desemba. Alilileta hapa, akanituma mimi. Nililitupa kwenye moto, kwa sababu lilikwaruza rangi."