Koti la Ngozi la Babu Justus

Kila Ijumaa familia ya Jecinta ilirudi kutoka kanisani saa sita mchana. Ndiyo, Ijumaa, usishangae. Dubai wakati huo siku hiyo ndiyo iliyokuwa ya mapumziko, na Wakristo nao walisali siku hiyo. Wakishafika nyumbani kwao Al Barsha, mama alibandika chungu jikoni, baba alikwangua kadi ya simu, na Jecinta alikaa karibu akingoja zamu yake ya kuzungumza na Babu Justus kule Kinangop, Kenya.

"Mke wangu!" Babu aliita kwa sauti kubwa, kana kwamba alitaka kusikika Dubai hata bila simu. "Umekula? Au huko Arabuni mnakula mchanga?"

Jecinta alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa "mke" wa babu kwa sababu alibeba jina la marehemu nyanya yake, na kwao mjukuu mwenye jina la nyanya hutaniwa hivyo tangu siku anapozaliwa. Utani huo aliupenda sana. Alipokuwa mdogo aliwahi kumwambia mwalimu kwamba ameolewa, darasa zima likaangua kicheko.

Ijumaa moja, mwaka wa 2007, Babu hakuanza na utani.

"Koti langu limekwisha, mke wangu. Panya wamekula mgongo wote. Sasa sikiliza. Nyanya yako ndiye aliyekuwa akinichagulia nguo. Tangu atuache, sijachagua hata soksi. Kazi hiyo sasa ni yako. Nataka koti la ngozi, la kuvaa alfajiri nikipeleka maziwa. Masika yanakuja, na baridi ya huku unaijua."

"Naijua, Babu," Jecinta alijibu. "Nitakuchagulia zuri kuliko yote."

Lakini aliijua wapi? Aliletwa Dubai akiwa bado anatambaa. Baridi aliyoijua ni ile ya viyoyozi vya maduka. Na mvua? Dubai mvua ikinyesha dakika chache tu, watoto hukimbilia uwanjani wakipiga vigelegele, na walimu wenyewe husimama madirishani kutazama. Mvua ya kunyesha kutwa kucha, mpaka mtu akasahau rangi ya anga, Jecinta alikuwa hajawahi kuiona.

Jumamosi baba alimpeleka Satwa, kwenye duka la mafundi wa makoti. Baba alikuwa msimamizi wa walinzi katika jengo moja refu kule Marina, na simu yake haikujua siku ya mapumziko. Walipofika mlangoni tu, ikalia.

"Yes, sir," baba alisema, kisha akamwashiria Jecinta aingie. "Anza kutazama. Nakuja."

Ndani alikuwepo Fundi Wahid, Mzanzibari wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliposikia Kiswahili akafurahi. Akatandaza ngozi mezani.

"Hii ya kondoo, laini, nyepesi, lakini huchanika upesi. Hii ya ng'ombe, nene, nzito kidogo, ila kwa mvua ndiyo hii. Ukiipaka mafuta, maji hayapiti."

Jecinta aliishika ile ya ng'ombe. Ilikuwa ngumu, nyeusi, na ilinuka. Ndipo macho yake yalipoangukia ngozi nyingine iliyotundikwa ukutani, ya rangi ya kahawia, yenye vinyweleo vifupi kama mahameli. Aliipitisha shavuni. Lo! Ilikuwa swedi, kama ya koti aliloliona kwenye duka kubwa karibu na kwao.

"Nataka hii," alisema.

"Nzuri hiyo," Fundi Wahid alikubali. "Lakini hebu niambie, bibie, babu yako anafanya kazi gani? Hupigwa na mvua? Maana swedi na maji ni maadui. Ikilowa hunywa maji kama sponji, na ikikauka hukakamaa."

Jecinta aliitazama ile ngozi. Aliwaza babu akiingia nayo kanisani, watu wote wakigeuka, na babu akisema, "Mke wangu amenichagulia." Akitaja maziwa na mvua, basi atapewa ile nyeusi inayonuka.

"Hafanyi kazi," alisema. "Hukaa ndani tu. Hutoka kwenda kanisani."

"Basi inamfaa," fundi alisema, naye akachukua tepu yake ya kupimia.

Baba aliingia baadaye akifuta jasho. Aliishika ile ngozi, akakunja uso. "Hii itaweza mvua ya Kinangop?"

Fundi alikuwa chumba cha nyuma, akitafuta vifungo. "Fundi amesema inaweza, Baba," Jecinta alijibu.

Uongo wa kwanza haukai peke yake, huita ndugu zake. Baba, ambaye alikuwa na umbo kama la babu, alipimwa kwa niaba yake, na koti likashonwa. Anti Roselyne, rafiki wa mama, alikuwa akienda Kenya likizo. Yeye ndiye aliyelibeba.

"Limenikaa kama nililozaliwa nalo!" Babu alisema simuni. "Kanisani mchungaji alikatiza tangazo anitazame." Jecinta aliruka kwa furaha, na kwa wiki kadhaa moyo wake ulitulia.

Kisha masika yakafika Kinangop. Ijumaa moja simu ya babu haikupokewa. Ijumaa iliyofuata pia. Baba aliwapigia majirani wa Babu, akaongea kwa sauti ya chini na uso umemparama, lakini Jecinta hakuambiwa kitu.

Anti Roselyne aliporudi, alifika kwao akiwa na mfuko wa plastiki. Akatoa mzigo uliokuwamo, akauweka mezani. Jecinta hakulitambua lile koti. Lilikuwa limejikunja, limejaa madoa meusi, na mkono mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwingine.

"Shemeji, uliniambia nilirudishe, haya, ndilo hili," Anti Roselyne alimwambia baba. "Mvua ilimkuta mzee njiani na mitungi ya maziwa. Koti likanywa maji yote. Watu wakamwambia, vua hilo, litakuua kwa baridi. Akakataa. Akasema, 'Mke wangu ndiye aliyenichagulia, nitalivulia barabarani?' Akafika nyumbani anatetemeka. Nimonia. Nimemwacha hospitalini, ameanza kuketi, namshukuru Mungu. Naye alinisihi Jecinta asijue, lakini hili lingefichwaje?"

Jecinta alitaka kulia, lakini machozi yalikwama.

Baba alisimama. "Huyo fundi alimwambia mtoto wangu kwamba ngozi hii inaweza mvua. Kesho atanitambua. Twende wote, Jecinta. Wewe ndiwe shahidi."

Usiniulize kama alilala.

Dukani alikuwepo arbab mwenyewe, mwenye duka. Baba akalibwaga koti mezani, akaeleza yote kwa Kiingereza, sauti imepanda. Arbab akamgeukia Fundi Wahid. "Unaharibu jina langu? Khalas, imetosha! Leo unafunga mizigo yako. Nitakukatia tiketi ya Zanzibar."

Fundi Wahid alivua miwani. "Arbab, nina watoto wanaosoma. Mimi nilimuuliza huyu mtoto. Nilimuuliza kuhusu mvua."

"Hukumuuliza!" baba alifoka. "Jecinta, sema. Fundi alikwambia nini?"

Watu wazima watatu walimtazama. Kunyamaza kungetosha, na fundi angeondoka, na hakuna ambaye angejua kamwe. Jecinta alimtazama yule fundi aliyeshika miwani yake, na machozi yaliyokwama yakamtoka yote kwa pamoja.

"Aliniuliza, Baba. Aliniambia swedi na maji ni maadui. Mimi nikamdanganya kwamba Babu hukaa ndani. Halafu nikakudanganya na wewe."

Baba alitafuta mahali pa kukaa. Kisha akamgeukia Fundi Wahid, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Nisamehe, ndugu yangu. Nimekuvunjia heshima." Akamwomba msamaha arbab pia, na arbab akaguna, "Yalla, haya, rudi kazini," akaondoka zake.

Koti la pili lilikatwa kwenye ngozi nene ya ng'ombe, na ndani likawekwa manyoya ya kondoo. Safari hii Jecinta alijibu kila swali la fundi. Kila alasiri baada ya shule alikwenda dukani kulipaka mafuta, hasa kwenye mishono, mpaka vidole vikamuuma. Hakuna aliyemlazimisha. Alipomaliza, maji yaliyomwagwa juu yake yaliteleza na kuanguka chini.

Koti lilifika Kinangop, na Ijumaa baba akakwangua kadi. Sauti ya Babu ilikuwa nyembamba, na aliongea kwa vituo.

"Nimelivaa, mke wangu. Nimekaa mlangoni. Mvua inanyesha, na mimi ni mkavu kabisa."

"Umeshapeleka maziwa, Babu?"

"Ng'ombe nimewauza. Daktari amenikataza kutoka alfajiri. Kifua hakikurudi kama zamani."

Jecinta alilia mpaka akashindwa kushika simu sawasawa. "Babu, ni mimi. Nilisema uongo."

"Najua, baba yako ameniambia. Lakini na mimi nilikudanganya. Nimefuga ng'ombe maisha yangu yote, ningekosaje kuijua ngozi? Siku nilipolipokea koti lile nililigusa nikajua haliwezi mvua. Nikakwambia linafaa, nisikuvunje moyo. Tulidanganyana kwa kupendana, na mvua haikutuonea huruma. Sasa sikiliza. Mtu akikuuliza swali, mjibu ukweli, hata kama ukweli utakunyima kile unachokitaka. Anayeuliza anatafuta namna ya kukusaidia, na ukimdanganya, anayeumia huenda hata hayupo hapo."

"Nimesikia, Babu."

"Basi futa machozi. Niambie, shuleni unaendeleaje?"

Jecinta alijipangusa kwa kiganja. Alitaka kusema, "Vizuri tu," kama alivyosema kila Ijumaa.

"Hesabu zinanishinda, Babu," alisema.