Mkono Uliobaki Pichani

Fundi fremu alikuwa hodari wa kazi, na hodari zaidi wa kujisifu. Picha ikiwa kubwa kuliko fremu, hakuhangaika. Alishika mkasi, akakata kingo, akaibandika picha ubaoni kwa gundi. Kazi imekwisha, lete nyingine.

Ukutani kwake ilining'inia picha ya mama mkwe wake enzi za ujana, akiwa na wenzake mbele ya kiwanda cha nguo. Kiwanda kiliungua zamani. Walikufa watu, na hakuna aliyejisumbua kuandika walikuwa kina nani.

Asubuhi moja alikuja mkutubi wa maktaba, pamoja na jirani yao, mshonaji. Mkutubi alisema wanakusanya picha na masimulizi ya kiwanda kile. Mshonaji alikuwa na lake. Mama yake aliteketea mle, yeye akiwa bado ananyonya. Sura ya mama yake hakuijua kabisa.

Mama mkwe, aliyeishi nao pale nyumbani, akaisogelea picha. "Mama yako alisimama hapa, ubavuni kwangu," alisema. Kidole chake kikagonga ukingo wa fremu. Palikuwa na mkono tu, umewekwa begani mwake.

"Mbona amekatwa?" mshonaji aliuliza.

Lo, mkasi ule! Fundi aliikata mwenyewe, ili itoshe kwenye fremu iliyomdodea. Siku ile mama mkwe alinung'unika, akaambiwa ni kipande tu. Kipande kikaenda jalalani. Sasa fundi alikiri, huku akitamani ardhi ipasuke immeze.

Mkutubi hakumkaripia. Alieleza kwamba picha ya zamani haikatwi wala haibandikwi gundi. Ipigwe picha kwa simu, nakala ipelekwe maktaba. Nyuma yake yaandikwe majina, mahali na mwaka, kwa penseli laini, taratibu.

"Na wazee waulizeni wangali hai," alisema. "Historia yetu iko humu majumbani. Tusipoitunza sisi, imepotea."

Wiki ile mama mkwe alisimulia mbele ya simu mpaka sauti ikamkauka. Aliwataja wote, waliobaki pichani na waliokatwa. Mama yake mshonaji alikuwa na mwanya, alisema, na kicheko chake kilisikika hata mashine zikinguruma. Sasa majina yao yako maktaba, na yeyote anaweza kwenda kuyasikiliza.

Siku hizi fundi hupima picha kwanza, ndipo akate mbao. Mteja akiwa na haraka, huambiwa angoje.

Siku moja alijikaza, akamwomba mshonaji msamaha.

"Nimekusamehe, jirani," mshonaji alisema, akiutazama ule mkono. "Lakini sura ya mama yangu bado siijui."