Daraja la Siafu

Fundi cherehani alikuwa mjane. Aliishi na mama mkwe wake katika nyumba ya vyumba viwili. Cherehani yake ilikaa karibu na dirisha la nyuma. Huko nyuma, mwisho wa kiwanja, kulikuwa na mizinga miwili ya nyuki juu ya kichanja. Mumewe ndiye aliyekijenga kichanja hicho kabla hajafariki.

Kila siku fundi alishona huku akisikiliza. Upepo ukija upande wake, aliwasikia nyuki wakivuma. Walimkumbusha mumewe. Mtu yule alikuwa hawezi kufanya kazi bila kuvumisha wimbo puani, na wimbo wenyewe aliukosea siku zote. Sasa fundi angetoa chochote amsikie tena akikosea.

Kando ya kichanja palikuwa na mmea wa kutambaa, wenye maua ya zambarau. Huo nao aliupanda marehemu. Tangu afariki, fundi hakuruhusu mtu yeyote auguse.

"Mke wa mwanangu, mmea ule umekuwa msitu," mama mkwe alisema. "Siku moja chui atatoka mle aje kutuamkia."

"Uache tu, mama. Aliupanda yeye."

"Aliupanda, na panga alikuwa nalo. Hakuuacha hata siku moja ufike kwenye mizinga."

Fundi aliinamia kitambaa chake. Alikanyaga cherehani kwa nguvu, kelele zikajaa chumbani.

Mchana mmoja, mvua ilipokatika, alisikia nyuki wakivuma kwa hasira. Alitoka mbio. Aliwaona wakitoka katika mizinga yote miwili kama moshi mzito. Walizunguka juu ya paa, wakapanda, wakaenda zao. Kiwanja kikawa kimya.

Fundi alisimama mdomo wazi. Ghafla akaruka na kushika kifundo cha mguu. Ardhi yote chini ya kichanja ilikuwa nyeusi, na ilikuwa inatembea.

"Siafu!" alipiga kelele. "Mama, siafu wamewafukuza nyuki wake!"

Mama mkwe alitoka na chupa ya mafuta ya taa na kiberiti. "Leo watakiona cha mtema kuni!"

"Mama, weka kiberiti chini!" sauti ilitoka upande wa pili wa ua. Alikuwa jirani yao. Watu walimwita Mama Mizinga, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kufundisha ufugaji wa nyuki. "Utachoma mizinga, utachoma na nyumba. Siafu wengine watakuja tu."

"Kwa hiyo tukae tutazame wanavyotula?"

"Wewe hawakutaki, mama. Wanatafuta wadudu. Lakini wakiingia ndani, toeni mtoto, mgonjwa na mnyama aliyefungwa, kisha tokeni na nyinyi. Watakula mende, watakula panya, halafu wataondoka."

"Mende wangu wakiliwa, sitalia," mama mkwe alisema. Akaficha kiberiti katika kanga.

Mama Mizinga aliingia kiwanjani. Aliwaonyesha msafara kutoka mbali kidogo. "Tazameni pembeni. Wale wenye vichwa vikubwa na meno kama koleo ni askari. Wanalinda njia. Hawa wadogo katikati ni wabebaji. Wanabeba watoto wa nyuki kupeleka kwao. Wote hawaoni. Wanafuatana kwa harufu na kwa kugusana."

"Na waume zao wako wapi?" mama mkwe aliuliza.

"Madume yana mabawa, hayafanyi kazi hii. Hawa wote unaowaona ni majike."

"Nyumba ya wanawake watupu," mama mkwe alisema taratibu. "Kama yetu."

Fundi alifuta machozi. "Dada, walipandaje? Mume wangu alisema kichanja chake hakipandiki."

Mama Mizinga alisita. Kisha aliokota fimbo ndefu, akasogeza majani kwa mbali. Kila mguu wa kichanja ulisimama ndani ya kopo la mafuta machafu ya gari. "Alisema kweli. Siafu hawavuki mafuta haya. Alikuwa fundi hasa. Ila tazama hapa, mdogo wangu."

Tawi la ule mmea lilikuwa limepita juu ya kopo na kuufikia mzinga. Juu ya tawi, siafu walipanda na kushuka bila haraka, kama wako barabarani.

"Kwa hiyo ni mimi," fundi alisema. "Mimi ndiye niliyewajengea daraja."

"Ulikuwa unamkumbuka mwenzio. Hilo si kosa. Lakini nyuki wanataka chini pawe peupe."

Fundi aliingia ndani, akafunga mlango. Alilia mpaka kichwa kikamuuma. Alimtaka mumewe, si maua yake. Lakini maua ndiyo aliyokuwa nayo.

Siafu walipoondoka, alichukua panga mwenyewe. Alikata mmea mpaka kwenye shina. Alifyeka majani, akaongeza mafuta katika makopo. Mama Mizinga alimfundisha kusafisha mizinga na kupaka nta ndani, ili harufu iwaite nyuki. Kisha wakasubiri. Kusubiri kulikuwa kugumu, maana dirishani hapakuja sauti yoyote.

Msimu wa maua ulipofika, nyuki walikuja. Mzinga mmoja ukajaa, halafu na wa pili.

"Si wale wake," fundi alisema.

"Si wale," mama mkwe alikubali. "Lakini wamekubali kukaa kwake."

Baada ya mvua nyingine, siafu nao walirudi. Fundi hakukimbia. Alisimama mbali, mikono kifuani. Msafara ulifika kwenye kopo la kwanza. Askari waliinua vichwa vyao vikubwa. Waligusa mafuta, wakarudi nyuma. Walijaribu la pili, la tatu, la nne. Mwishowe walipinda kuelekea uani, wakapotea. Juu yao nyuki waliendelea kuvuma.

"Umeona?" fundi alisema kwa sauti. "Hawakupanda. Natamani ungekuwepo uone kazi yako."

"Unaongea na nani huko?" mama mkwe aliuliza kutoka mlangoni.

"Na mwanao."

Mama mkwe aliitazama mizinga.

"Basi mwambie," alisema, "mama yake anamsalimu."