Nani Aliyekunywa Rangi ya Bromini?

Saa mbili asubuhi, Jumatatu, mwalimu wa kemia alifungua kabati la maabara akakuta msiba. Maji ya bromini, aliyoyaacha Ijumaa yakiwa ya kahawia, yalikuwa meupe pe. Chupa ilikuwa imelazwa ubavu, kizibo chake chekundu cha mpira kimekazwa barabara.

Kiranja wa maabara, kijana aliyepiga pasi hata soksi, hakusubiri kuulizwa. Alisema Jumapili alimwona mwanafunzi aliyeitwa Kicheche akizungukazunguka pale. Bila shaka alimwaga bromini akajaza maji ya bomba. Kicheche alikuwa na sifa zake: kengele ya shule ilishawahi kukutwa imevalishwa sweta. Mkuu wa shule akaamua kwamba ifikapo saa sita arudi nyumbani, na mtihani wa mwisho atausikia kwa wenzake.

"Dada, safari hii si mimi," Kicheche alimwambia dada yake.

"Safari zote huwa si wewe."

"Lakini hii si mimi kweli."

Dada huyo, aliyeitwa Sindano kwa maswali yake, alimkazia macho na kuona usoni mwake kitu kigeni kabisa: ukweli. Akaenda maabara.

Kwanza alichovya karatasi ya litmasi ya buluu kwenye yale maji. Ikageuka nyekundu, dalili ya asidi. Maji ya bomba hayana ujanja huo. Basi bromini haikumwagwa. Ilikuwa humohumo, imegeuka kitu kingine. Kisha akamuuliza kiranja funguo anazo nani. Kiranja alijibu kwa majivuno kwamba, ukimtoa mwalimu, ni yeye peke yake.

Sindano akachomoa kizibo. Chini kilikuwa kigumu, kimepasuka kama kisigino. Alimwomba mwalimu bromini mpya, akaigawa katika neli mbili zenye vizibo vya kioo. Katika moja alitia vipande vya mpira. Wakasubiri, Kicheche akiwa amekalia sanduku lake mlangoni.

Saa tano na nusu, neli yenye mpira ilikuwa karibu nyeupe. Ya pili haikubadilika hata chembe.

"Mwalimu, ulitufundisha mwenyewe," Sindano alisema. "Katika alkeni, kaboni mbili zimeshikana kwa mikono miwili. Bromini ikifika, mkono mmoja unaachia ili kuidaka, na rangi inapotea. Mpira ni mnyororo mrefu wenye mikono hiyo mwanzo hadi mwisho."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alikiri kwamba hajawahi kusikia somo lake likielezwa vizuri hivyo. Kisha akakumbuka: Ijumaa chupa ile ilikuwa na kizibo cha kioo.

Wote wakamgeukia mwenye funguo.

Kiranja alikunja shingo. Kizibo cha kioo kilimponyoka Ijumaa jioni kikavunjika, akaziba kwa cha mpira alichokiona karibu, akailaza chupa kabatini. Rangi ilipotoweka, aliogopa kuvuliwa beji.

"Kwa nini mimi?" Kicheche aliuliza.

"Nilijua hakuna atakayebisha."

Mkuu wa shule alinyoosha mkono akaichukua beji, kisha akamwambia Kicheche arudishe sanduku bwenini.

Kicheche hakuondoka mara moja. Alikisogelea kile kizibo chekundu mezani. Kilikuwa kimeiba rangi yote, kikakaa mbele ya watu asubuhi nzima, sura imetulia, na hakuna aliyekishuku. Akakiinamia.

"Shikamoo, mkubwa," alisema.