Kiti cha Mheshimiwa

Karatasi ilikuwa imekwama tena. Binti alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine ya kunakili, mkono ndani hadi kiwiko, na gauni lake la buluu, lililopigwa pasi asubuhi ile ile, lilikwisha ingia doa la wino kifuani. Nyuma yake foleni ya duka la vifaa vya ofisi ilifika mlangoni, na kila mtu alikuwa na haraka zake.

"Dada, ukiivuta hivyo utaichana. Fungua kwanza mlango wa pembeni."

Aliyesema alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limekunjwa mikono, tai imesokomezwa mfukoni. Aliinama, akaitoa karatasi taratibu, akainyoosha juu ya paja lake. Kisha, kama mtu ambaye macho yake hayajui kupita juu ya maandishi bila kuyasoma, akasoma.

"Mheshimiwa, sayansi ya anga si anasa." Akatabasamu. "Hilo neno litoe. Ukimwambia mbunge kitu si anasa, hapo ndipo ataanza kufikiri kuwa ni anasa."

"Wewe unawajua wabunge?"

"Nawasikiliza kutwa. Kuwajua ni jambo jingine."

Ndivyo walivyoanza. Kijana alikuwa mwandishi wa kumbukumbu za bunge: alivaa vipokea sauti asubuhi hadi jioni na kuandika kila lililosemwa, bila kuongeza wala kupunguza. Binti alifanya kazi katika kituo cha sayansi ya anga, penye dishi kubwa linalopokea picha za setilaiti: mawingu, mito, misitu iliyoungua. Fungu la kituo lilikuwa limekatwa kwenye bajeti, na mbunge mmoja wa kamati husika alikubali kuwasikiliza. Binti akamwita kijana Bwana Kumbukumbu. Kijana akamwita Mama Setilaiti, ingawa binti hakuwa na mtoto wala setilaiti.

Simu zikawa haziishi. "Umekula, mpenzi?" angeuliza binti. "Nimekula hotuba nzima ya barabara, na bado imenikwama kooni." Mchana walikutana kwenye benchi nyuma ya ofisi za bunge, wakagawana chakula na umbea.

Ni kwenye benchi lile kijana alipomweleza habari za mdogo wake wa kike. Mto wa nyuma ya kwao ulijaa mchana wa jua kali. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, huko juu, wala hapakuwa na wa kuwaambia. Watu walikimbia. Mdogo wake alirudi kumfungua mbuzi.

"Mbuzi aliokoka," alisema. "Mama alimtunza hadi akafa kwa uzee. Hakukubali kumwuza wala kumchinja."

Hakuwahi kumweleza mtu wa kazini. Binti alilia, akamshika mkono. Lakini machozi hayajakauka, kichwa chake kilikwisha kuuona ukurasa wa pili wa ombi lao kwa mbunge. Mkurugenzi wake alikuwa akisema kila siku kwamba wabunge hawasikitikii wingu, husikitikia mtu. Na setilaiti ingeiona mvua ile kabla mto haujajaa. Jioni ile akaandika. Hakutaja jina. Alijiambia kwamba kesho atamwomba kijana ruhusa, na kesho ikazaa kesho.

Kituoni walikuwa na desturi yao: kabla ya kwenda kwa mkubwa yeyote, mmoja wao hukaa kiti cha mheshimiwa na kuwasumbua wenzake. Humkatiza msemaji, huangalia simu, huuliza swali la kando. Safari hii mkurugenzi, aliyewahi kusikia sifa za Bwana Kumbukumbu, alimwalika aje akikalie, bila kumwarifu binti. Binti aliinua uso, akamwona anaingia na tai yake shingoni, anamkonyeza.

Angeweza kusema pale pale. Angeweza kumvuta kando, au kuuchomoa ukurasa wa pili mikononi mwa msemaji wao, bwana mwenye sauti nzuri kuliko wote. Badala yake akaketi mahali pake. Alijidanganya kwamba muda utakwisha kabla hawajaufikia.

Kijana alikikalia kiti barabara. Alipiga miayo, akauliza kama nyota zina wapiga kura, na chumba kizima kikacheka. Msemaji akafungua ukurasa wa pili.

"Mheshimiwa, msichana mmoja alirudi kumfungua mbuzi..."

Binti aliangalia sakafu. Alipothubutu kuinua macho, kijana alikuwa bado mheshimiwa, mikono imekunjwa kifuani.

"Mtoto huyo anaitwa nani?"

Msemaji alipekua karatasi. "Jina tumelihifadhi, Mheshimiwa."

"Na mama yake anajua kwamba leo mko naye hapa?"

Msemaji alimgeukia binti.

"Sina swali jingine," alisema kijana. Akakirudisha kiti mahali pake, akampa mkurugenzi mkono, akatoka.

Mkurugenzi alifurahi mno. Alisema jamaa yule ni moto, na kwamba swali lile lazima litafutiwe jibu.

Mchana wote binti alimpigia kijana simu isipokelewe. Ilipopokelewa, kijana hakumsalimu.

"Siku ile ulilia. Ulikuwa unanililia mimi, au ulikuwa unaandika?"

Uongo mdogo ungemwokoa. "Vyote viwili," alisema. "Nililia kweli, na huku nalia nikawa naandika. Siwezi kuvitenganisha."

Simu ikakatika.

Kesho yake aliwaeleza wenzake kila kitu na kuutoa ukurasa wa pili. Msemaji alikasirika, naye alikuwa na haki: keshokutwa ndiyo siku ya mbunge, na sasa wangekwenda na pengo katikati. Binti alibeba lawama hizo juu ya zile alizokuwa nazo, akaenda kusimama langoni mwa bunge. Kijana alipotoka, alimkuta pale, nywele hazijachanwa, mkoba wa makaratasi begani.

"Nimelitoa lile la mdogo wako," binti akasema.

"Ulimwuliza nani?"

"Sikumwuliza mtu. Nilidhani..."

"Uliliweka bila kuuliza, na umelitoa bila kuuliza." Hakupandisha sauti. "Kutwa naandika maneno ya watu, na kila neno lina mwenyewe. Lile si lako, na si langu pia. Ni la mama. Huenda angetaka lisemwe. Mto bado upo pale pale, na watoto wa watu bado wanakaa kando yake."

Binti alikosa pa kuweka macho.

"Kesho nakwenda kumwona," kijana akaendelea. "Ukitaka, njoo umwombe mwenyewe."

"Nitafika kwake kama nani?"

"Atakuuliza. Umeniona mimi nikiuliza? Basi kwake ndiko nilikojifunzia."

Binti karibu acheke, ila kicheko kilimwonea haya. "Na wewe? Umenisamehe?"

"Bado." Aliutwaa mkoba begani mwake, akaubeba yeye. "Nami sijui itachukua muda gani. Ila sitaki nikungojee mbali."

Wakaanza kutembea, hawakushikana mikono. Simu ya binti iliita; ni mkurugenzi, akiuliza waandike nini ukurasa wa pili, kwani mashine inangoja.

"Uacheni wazi, bosi," alisema binti. "Tutajua kesho."