Mzunguko wa Saba

"Shangazi, ule mgongo naujua!"

Vibha alisimama ghafla hadi bisi zote zikamwagika mapajani mwa jirani. Lilikuwa onyesho la saa sita mchana, ukumbi wa sinema wa mtaani kwao Dadar umejaa pomoni, na wimbo wa harusi ndio kwanza umekolea. Watu wanapiga miluzi, wanarusha sarafu kwenye pazia la sinema, wengine wameshaingia njia ya katikati wanacheza.

"Kaa chini wewe, unatuziba!" mtu alifoka nyuma.

"Mgongo wa nani?" Shangazi Sarla, aliyemlea Vibha tangu ana miaka minne, hakubandua macho kwenye pazia. "Si Yuvaan wako huyo, nyota wa sinema unayemhusudu? Ndiye uliyeniburuta nije kumwona."

"Yuvaan ni pale wanapoonyesha uso. Sasa ngoja ageuke... hapo! Umeona? Ametua, kagonga kisigino cha kushoto mara mbili. Na shingoni, chini ya nywele, ile alama kama punje ya mchele. Shangazi, yule ni Girish!"

Girish, mchumba wake. Fundi taa wa studio kule Goregaon, mwanamume ambaye kwenye harusi za watu hujibanza kona akisema miguu yake ni ya mbao. Harusi yao ilikuwa imebakiza siku tisa.

Na pale kwenye pazia alikuwa bwana harusi. Mtandio wake umefungwa fundo na ushungi wa bibi harusi, wanazunguka moto, wachezaji mia wamewazunguka.

Shangazi alimshika mkono, kucha zikazama. "Na yule kuhani... mama yangu! Ni Pandit Dubey wa hekalu letu! Si ndiye atakayewafungisha ndoa nyinyi?"

"Ni sinema tu, shangazi."

"Pandit ni wa sinema? Moto ule ni wa sinema? Mtu akizunguka moto mara saba na Pandit anasoma, huyo kaoa! Hesabu!"

Vibha akahesabu kwa vidole. Nne. Tano. Sita. Saba.

Ukumbi mzima ulishangilia. Yeye machozi yalimtoka.

Nje, kwenye ukumbi wa tiketi, alimwandikia Girish:

"Hongera kwa harusi."

Jibu lilikuja upesi: "Mbona mapema? Bado siku tisa, mpenzi."

"Nimetoka kukuona ukizunguka moto. Kisigino cha kushoto, mara mbili."

Simu ikaita.

"Vibha, nilikuomba usiiangalie hii sinema. Nilikwambia ni mbaya."

"Kwa hiyo ni wewe?"

"Ni mimi."

Alitegemea akatae. Akaketi juu ya kreti la soda.

"Nipe hiyo simu," Shangazi aliipokonya. "Sikiliza, bwana harusi wa watu. Binti yangu haolewi mke wa pili. Njoo uchukue pete yako!"

Girish alifika baada ya nusu saa, jasho linamtiririka, vifungo vya shati amevifunga kombo. Akainama kugusa miguu ya Shangazi kwa heshima. Shangazi akaivuta miguu chini ya benchi.

"Miaka miwili umenidanganya," Vibha alisema.

"Mimi ndiye ninayemchezea Yuvaan. Kila wanapompiga picha kwa nyuma au kwa mbali, ni mimi. Mkataba unasema nikifungua mdomo sina kazi, maana yeye huwaambia watu anacheza mwenyewe."

"Hata mimi ulishindwa kuniambia?"

"Wewe ndiye uliyenishinda kabisa! Kila Jumapili, 'Girish, umeona Yuvaan alivyogeuka? Girish, mwili wake hauna mfupa!' Ningekwambia ni mimi, ungesema najisifu. Nikinyamaza, nauonea wivu mgongo wangu mwenyewe."

Vibha alimkatiza. "Subiri. Lile bango la chumbani kwangu... mvua inanyesha, amegeuka nyuma, ametandaza mikono..."

Girish alikuna kichwa. "Ni mimi."

"Ninalolibusu kila asubuhi?"

"Unalibusu?"

"Hamna haya!" Shangazi alifoka. "Na yule mwanamke je?"

"Ni mchezaji mwenzangu, shangazi. Ana mume na mapacha. Na hatukuzunguka mara saba. Pandit Dubey alikodiwa kwa ajili ya picha tu, na ilipofika ya sita akafunga kitabu. Akasema, 'Mzunguko wa saba kauzunguke na wako.' Mwongozaji akakasirika, Pandit akakataa katakata."

"Mwongo! Nimehesabu saba kwa macho haya."

Girish akamgeukia Vibha. "Wewe ndiye unayejua nyimbo. Ingia tena uhesabu. Ukipata saba, nachukua pete yangu naondoka."

Wakakata tiketi tatu za onyesho la alasiri.

Hadithi za sinema Vibha huzisahau kabla hajafika nyumbani. Nyimbo ndizo hazimtoki. Anapenda pale maneno yanapowaishia watu wakaanza kuimba, na mtaa mzima, muuza mboga na polisi, ukawa unajua hatua zilezile kana kwamba huzuni ya mmoja ilikuwa ya wote. Anajua ni mchezaji gani alibadilisha viatu katikati ya ubeti. Lakini siku hiyo hakutazama miguu ya mtu. Alitazama shada la maua shingoni mwa bibi harusi.

Moja. Mbili. Kwenye wa tatu, ua moja la rangi ya chungwa lilichomoka likaangukia kitambaa cheupe kando ya moto. Wa nne, ua liko chini. Wa tano, liko chini. Wa sita, liko chini bado.

Wa saba, kitambaa kilikuwa cheupe pee, na ua linaning'inia shadani kwenye uzi wake.

"Sita!" Vibha alipiga ukelele. "Wamerudia picha ya mzunguko wa kwanza! Ua haliwezi kupanda tena shingoni! Ni sita!"

"Kaa chini, mwehu wewe!"

"Ni sita, kaka yangu! Mchumba wangu hajaoa!"

Safu nzima iligeuka kumtazama. Kisha ikaanza kumshangilia yeye, na kuna mtu alimrushia sarafu. Shangazi Sarla alijipangusa macho kwa ncha ya sari, akasogeza miguu yake taratibu mbele ya Girish.

"Haya, gusa," alisema. "Lakini siku hiyo nahesabu mwenyewe."

Siku ya tisa, harusini, alihesabu kweli, kwa sauti, hadi wageni wakawa wanaitikia. Walipomaliza wa sita, Pandit Dubey alinyamaza, akamtazama Girish juu ya miwani yake.

"Huu ndio niliokuwekea, kijana."

Girish alitembea polepole, mtandio wake umefungwa fundo na ushungi mwekundu wa Vibha. Mwisho wa mzunguko, mbele ya ndugu wote waliojua ana miguu ya mbao, aligeuka mara moja kama pia, akatua, akagonga kisigino cha kushoto mara mbili.

Ndugu wakapiga miluzi.

"Saba!" Shangazi Sarla alipaza sauti, akarusha sarafu.