Mkwe Aliyetangulia Posa

Siku ya gulio Bariadi ilikuwa imefurika watu, na Onesmo alikuwa amesimama juu ya kreti la soda, kidole kimoja sikioni, akipiga kelele kama anayeita ng'ombe.

"Halo! Mwanza! Dawa zimefika, friji la damu ndiyo bado! Nasema friji!"

"Kaka, ukishuka tu hapo inakata," alisema mwenye kibanda. "Mtandao uko kwenye kreti. Na uishike vizuri hiyo simu, ndiyo shamba langu."

Mwenye kibanda huyo aliitwa Milembe, binti wa Kalemela kule ziwani, na simu yenyewe alikuwa ameifunga mezani kwa kamba ndefu, wateja wasije wakaondoka nayo. Simu za mkononi ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia mjini, na kila mtu alitaka kujaribu. Alivaa gauni la maua ya njano, nywele amezisuka mistari, na alipocheka mwanya ulionekana. Onesmo akatazama chini, akaduwaa. Mwanza ikaita halo, halo, mpaka salio likaisha.

"Mbona umenyamaza? Sasa unaongea na nani?"

"Na wewe."

"Mimi dakika zangu ni ghali kuliko za Mwanza, mwenzangu."

"Basi niuzie vocha kubwa."

Onesmo alikuwa tabibu katika hospitali ya watoto iliyoendeshwa na Mfuko wa Watoto Wetu, shirika la msaada lililojenga wodi na maabara nje kidogo ya mji. Mchana alitibu, jioni alisaidia utafiti: kwa nini homa ikimpata mtoto huyu anapona, na yule inammaliza damu. Alivaa fulana nyeupe ya Mfuko yenye picha ya mtoto anayecheka, na suruali iliyonyooshwa mpaka ikatoa mstari. Hospitali ilipopata simu yake hakuwa tena na sababu ya kwenda kibandani. Akaendelea kwenda. Na akirudi kazini, anapiga.

"Milembe wangu, umekula?"

"Si tumeachana sasa hivi? Ulinilipia wali mwenyewe!"

"Nauliza tena. Moyo hauna akili."

Mapenzi yakakolea. Mwishoni mwa msimu wa pamba, Onesmo akampigia, sauti imembadilika.

"Mpenzi, Jumamosi kuna jambo litafika kwenu Kalemela. Usiniulize. Wewe tulia tu."

Milembe alitulia wapi! Usingizi ulimwisha. Alijua jambo la namna hiyo ni moja tu.

Onesmo alikuwa amemtuma baba yake mdogo, Machibya wa Dutwa, apeleke posa. Lakini kumbukeni miaka ile. Zamani pamba ilinunuliwa na ushirika peke yake, bei moja, utake usitake. Sasa wanunuzi binafsi walijaa Dutwa, kila mmoja na mzani wake, huyu akipandisha bei, yule anaongeza kidogo. Machibya alitoka nyumbani Jumamosi amevaa koti la posa, akasema ngoja niuze kwanza, ndipo nipande basi la Lamadi, niende Kalemela. Akazunguka na magunia yake kutoka mzani hadi mzani, akisubiri bei ipande tena, mpaka jua likazama na basi likaondoka. Kalemela hakufika mtu. Na mzee wa watu akaona aibu kusema.

Jumatatu asubuhi mama yake Milembe, Bi Domitila, aliteremka stendi ya Bariadi na mjukuu wake mgongoni. Luhende, mtoto wa marehemu dada yake Milembe, alikuwa anachemka homa.

"Mama, Jumamosi hamkupata mgeni?" Milembe aliuliza hata kabla ya kupokea mzigo.

"Mgeni gani? Niko na mgonjwa ndani, wewe unauliza wageni!"

Hakuja? Kabadili mawazo? Au alikuwa anatania? Akapokea mzigo, akasema, "Twende hospitali. Yuko mtu ninayemfahamu, atatupokea vizuri."

Kwao Onesmo, kijijini Sola, kama kwa Wasukuma wengi wa zamani, mwanaume hamtazami mama mkwe usoni. Akikutana naye anaacha njia, anageuza uso, anapita pembeni, na mama mkwe naye anajifunika, anampa mgongo. Akimkabili anatozwa mbuzi. Ndiyo heshima yenyewe. Lakini jamani, heshima hiyo huanza posa ikishafika!

Onesmo, akijua posa imefika tangu Jumamosi, aliinua kichwa mezani, akamwona Milembe mlangoni na mwanamke anayefanana naye kwa kila kitu. Akashtuka. Akageuza uso ukutani, akamnong'oneza muuguzi Anyesi, "Nishikie mgonjwa huyu," kisha akatoka kwa mlango wa nyuma karibu ya kukimbia, moyo umejaa furaha. Nimemheshimu mkwe wangu!

Bi Domitila alibaki mdomo wazi.

"Ndiye huyo mtu wako?"

Milembe akauchungulia mlango wa nyuma.

"Mbona amekimbia?" mama akamgeukia Anyesi.

"Hata mimi sijui, mama. Hebu tumtoboe mtoto kidole, tupime damu."

"Mumtoboe nani? Tabibu akimkimbia mgonjwa ujue ameona kaburi. Na kama ameona kaburi, mjukuu wangu atafia kwao, si hapa kwenye vipimo vyenu!" Akamfunga Luhende mgongoni, akatoka.

Milembe alikuwa bado kibandani akifungasha vitu amsindikize mama yake, simu ikaita.

"Mpenzi, mama ameionaje heshima yangu?"

"Heshima? Ile ndiyo unaita heshima?"

"Kwani kwenu Kalemela mnafanyaje?"

"Kwetu Kalemela watu hawakimbii wagonjwa! Onesmo, kama hunitaki sema hunitaki. Mtoto wa marehemu dada yangu amekukosea nini?" Akakata.

Onesmo aliitazama simu kama kitu asichokijua. Kukosea? Kutomtaka? Ndipo Machibya akaingia, kaegemeza baiskeli mlangoni, koti lile lile la posa limejaa nyuzi za pamba.

"Mwanangu, usinitukane. Kalemela sikufika. Bei ilikuwa inapanda..."

"Baba mdogo! Hukufika?"

"Nitakwenda kesho."

"Yesu na Maria. Nimemkimbia mama wa watu bure!"

Anyesi aliyekuwa anasikiliza akaja juu. "Umemkimbia kwa ukwe? Na mimi hujaniambia? Viganja vya yule mtoto ni vyeupe kama karatasi, Onesmo! Hana damu. Bibi kamchukua, wanaelekea stendi."

Onesmo hakuaga.

Basi la Lamadi lilikuwa linaunguruma. Bi Domitila ameketi kiti cha mbele, Luhende kalala mapajani, macho nusu yamefumba. Milembe amesimama dirishani analia. Onesmo akapanda, akasimama mbele ya mama mkwe wake, uso kwa uso.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia mama kwa Kisukuma.

Bi Domitila akamkazia macho. "Sasa ndiyo una salamu?"

"Asubuhi nilikukimbia kwa ukwe. Nilidhani posa imefika. Haikufika, mzee wetu alibaki kwenye mizani ya pamba. Sasa nakutazama machoni, mayu, kwa sababu mtoto huyu asipoongezwa damu leo hafiki Kalemela. Nitoze mbuzi, nitoze ng'ombe, Milembe ninyime. Lakini shuka na mtoto."

"Posa?" Milembe alisema dirishani. "Posa ya nani?"

"Yako, Milembe! Ya nani mwingine?"

Basi zima likaangua kicheko, isipokuwa Bi Domitila. Aliweka kiganja chake juu ya kiganja cha mjukuu wake, akakitazama sana kile cheupe. Kisha akamnyanyua Luhende, akamweka mikononi mwa Onesmo.

"Kimbia naye. Kukimbia si unajua?"

Maabara ya Mfuko ilipima. Damu ya bibi haikukubali, ya Milembe haikukubali. Machibya akavua koti, akakunja mkono wa shati.

"Mimi ndiye niliyechelewesha maneno," alisema. "Jaribuni yangu." Ikakubali.

Luhende alipoanza kudai uji kwa kelele, wodi nzima ilijua amepona. Asubuhi hiyo Milembe alikuwa amekaa kitandani kwa mtoto, mama yake anakunja shuka, Onesmo akatokea mlangoni na sinia la dawa.

"Mwangaluka, mayu," alisema.

Bi Domitila akaiacha shuka. Akavuta khanga yake mpaka ikafunika uso, akampa mgongo, akatazama ukuta.

Milembe akasimama. Baada ya yote yale?

"Mama! Bado una hasira naye?"

Onesmo naye akawa ameinamisha kichwa, amegeukia dirishani, anatabasamu peke yake kama mwehu. Milembe akamtazama huyu, akamtazama yule, wamepeana migongo kama waliogombana. Akaelewa: ule ulikuwa ukwe.

"Milembe," mama yake aliuambia ukuta, "mwambie huyo mtu aliye mlangoni, mbuzi wangu wa faini aje na posa. Na huyo mzee wao apande basi kwanza, pamba atauza akirudi."